Choo Kilichozama
Hotuba ya Kamati ya Afya na Maji katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama chetu, Dar es Salaam



Tumepangiwa kusema baada ya taarifa ya mweka hazina na kabla ya chakula. Tunajua maana ya nafasi hiyo, kwa hiyo hatutazunguka.

Tunaanza na choo. Wengi wenu mnakumbuka jalada la kijitabu cha mwaka 2017. Lilikuwa na picha ya choo cha matundu manne, mabati mapya yanang'aa, nyuma yake ziwa, na sisi wanakamati tumesimama mbele na mkasi wa kukatia utepe. Tulikijenga mwaloni kwa michango yenu, hatua chache tu kutoka maji yanapoishia, kwa sababu wavuvi walituambia kikiwa mbali hawatakwenda. Mzee mmoja wa pale, ambaye nusu yetu humu tunamwita babu bila kuuliza ukoo, alituonyesha mkuyu ulioko juu ya mwalo. Akasema wakati wa Uhuru ziwa lilipojaa, maji yalifika kwenye mizizi ya ule mti. Tulimshukuru kwa heshima zote, tukaendelea kuchimba pale pale.

Mwaka 2020 ziwa likajaa. Mashimo yalijaa kwanza kutoka chini, maana mchanga wa mwaloni haushiki kitu, kisha maji yakaingia kwa mlangoni. Ukuta wa upande wa ziwa ukaanguka. Kila kilichokuwa ndani ya yale mashimo kwa miaka mitatu kikaingia ziwani, karibu kabisa na mahali mama zetu wanapochota maji. Ziwa lilipojaa tena mwaka 2024 lilichukua hata msingi, likafika kwenye mizizi ya mkuyu na kupita kidogo.

Kwenye kijitabu cha mwaka uliofuata tuliandika kwamba choo "kimepata hitilafu kutokana na mvua". Hiyo ilikuwa lugha ya kujificha. Leo tunalisema kama lilivyo, kwa sababu tumekuja kuwaomba fedha za choo kingine kwenye mwalo ule ule, na mnayo haki ya kujua cha kwanza kilikwenda wapi na kilifanya nini kilipokwenda. Tulijenga ili kupunguza kichocho, na kwa msimu ule tulikiongeza.

Sasa tuseme habari za kichocho chenyewe, maana tumegundua kwamba hata sisi wanakamati hatukuwa tunakijua vizuri.

Ukitaja kichocho hapa Dar es Salaam, mtu anafikiria kijana anayekojoa damu. Hicho ni kichocho cha mkojo, na kipo. Kipo kwenye malambo na majaruba ya mpunga kule Shinyanga na vijiji vya Usukumani vilivyo mbali na ziwa, kipo Unguja na Pemba. Chetu cha ziwani ni kingine, kichocho cha tumbo. Minyoo ni ya ukoo mmoja, lakini wetu wanakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, na mayai yao hutoka na kinyesi. Mkojo unabaki safi. Mtoto anaumwa tumbo leo, anaharisha kesho, siku nyingine choo chake kina damu kidogo, halafu anatulia na kwenda kucheza. Nani atampeleka zahanati kwa hilo? Ndiyo maana tulikua wote tukiamini kwamba kichocho ni ugonjwa wa watu wa bara, na sisi wa kisiwani Ukerewe tuna "tumbo" tu.

Daktari Mjerumani aliyeitwa Theodor Bilharz ndiye aliyewaona minyoo hawa mwaka 1851 huko Cairo, alipokuwa akichunguza maiti, na ndiyo maana wazee waliosoma zamani wanasema bilhazia. Ugonjwa wenyewe ni wa kale kuliko jina hilo. Mayai yake yamekutwa ndani ya maiti zilizokaushwa za Misri ya Mafarao.

Mnyoo aliyekomaa ana urefu wa kama sentimita moja. Dume na jike huishi wawili wawili, jike amelala kwenye mfereji ulioko mwilini mwa dume, na wanaweza kukaa hivyo ndani ya mshipa wa mtu miaka kadhaa. Wapo waliokutwa hai baada ya miongo. Jike hutaga mamia ya mayai kila siku. Yai likitoka na kinyesi na kukauka juani, habari yake imekwisha. Likifika kwenye maji baridi ya ziwa linaanguliwa, linatoka kiluwiluwi kisichoonekana kwa macho, nacho kina saa chache tu za kumpata konokono. Konokono mwenyewe mnamjua. Ni yule mdogo, bapa, aliyejiviringisha kama kamba iliyokunjwa, anayeshika kwenye majani ya ufukweni. Watoto wanamchezea.

Ndani ya konokono kiluwiluwi kimoja huzaa maelfu. Baada ya wiki nne au tano wanaanza kutoka, na wanatoka kwa wingi jua likiwa limepanda, tangu asubuhi ya saa nne hivi mpaka mchana. Wanaogelea wakitafuta ngozi ya mtu, na wakiipata wanapenya kwa dakika chache bila kuacha jeraha. Si lazima uyanywe maji hayo. Kuingiza miguu kunatosha. Sasa fikirieni mwalo wetu saa sita mchana: mama anafua saa hiyo kwa sababu jua litakausha nguo, watoto wa zamu ya asubuhi wametoka shule wanajitosa, kijana anaosha mtumbwi, na wachota maji wamesimama hadi magotini ili wapate maji yasiyo na taka. Kama minyoo wangechagua wenyewe saa ya kukutana nasi, wangechagua hiyo hiyo.

Konokono hana kosa. Huzaliwa safi, naye huambukizwa na kinyesi chetu. Mtu anauingia mzunguko huu kwa milango miwili tu, anapojisaidia na anapoingia majini, na yote miwili kwetu iko mwaloni.

Wanachama wengine wametuuliza kwa simu kwa nini tusinunue sumu tukawaua konokono. Swali ni zuri. Dawa ya kuua konokono ipo, na imetumika kwenye madimbwi na vijito vya Unguja na Pemba. Lakini inaua na samaki, na ziwa letu si dimbwi. Mtu atakayemwaga sumu ya samaki kwenye mwalo wa wavuvi hatuwezi kumlinda.

Tumesema mayai hutoka na kinyesi, lakini si yote. Karibu nusu hubaki mwilini. Mengi hubebwa na damu hadi kwenye ini na kunasa humo, na mwili hulizungushia kila yai kovu. Kovu moja si kitu. Makovu ya miaka kumi na tano ya kuingia majini kila siku ni jambo lingine: damu inayotoka utumboni kwenda kwenye ini haipiti tena sawasawa, inarudi nyuma, bandama linavimba, tumbo linajaa maji, na mishipa ya umio, ile njia ya chakula, inatuna na kuwa dhaifu. Siku moja mmoja wake unapasuka. Katika miaka ya 1990 watafiti walipita vijijini kwetu Ukerewe na mashine za utrasaundi, wakayakuta makovu hayo kwenye maini ya watu waliokuwa wakitembea na kufanya kazi. Na madaktari wa Bugando wamekwisha kuandika kwamba mishipa ya umio iliyotuna ni miongoni mwa sababu kuu za kutapika damu kwa wagonjwa wanaowapokea kutoka kanda ya ziwa.

Hapa tunaomba ruhusa ya kumtaja ndugu yetu mmoja. Jina hatutalisema, familia imeturuhusu tuseme kisa bila jina, na wengi wenu mtamjua.

Alianza kuvua dagaa akiwa na miaka kumi na miwili. Alipofika miaka thelathini na kitu tumbo likaanza kuvimba, mikono na miguu ikakonda. Kwetu ugonjwa wa namna hiyo una jina kabla daktari hajaulizwa: amerogwa. Ng'ombe wawili wakauzwa. Mtumbwi ukauzwa. Mganga akamtaja shangazi yake, mama mtu mzima aliyemlea alipokuwa mdogo, na kwa usalama wake shangazi akahamia kwa binti yake kijiji cha pili. Ndugu yetu alipelekwa kwa waganga watatu, mmoja ng'ambo kabisa. Zahanati alikwenda mara mbili, akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Usiku mmoja akatapika damu, beseni zima. Kivuko cha Nansio kinaondoka asubuhi. Hakufika Mwanza.

Kwa siku mbili kikundi chetu cha simu kilichanga rambirambi, na tunasema bila kujisifu kwamba fedha ilikuwa nyingi. Watu walisafirishwa, sanduku lilikuwa zuri, turubai zilikuwa tatu. Tulipopitia orodha ya waliochanga, ili mweka hazina afunge hesabu, tuliliona jina la shangazi. Alituma elfu tano.

Hatusemi kila tumbo linalovimba ni kichocho. Homa ya ini ipo, pombe ipo, yapo na mengine ambayo ni kazi ya daktari kuyatenganisha. Tunachosema ni kwamba ndugu yetu alikaa majini miaka ishirini na tano, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyempima kichocho hata mara moja. Shangazi yake bado yuko kijiji cha pili.

Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Haihitaji sindano wala kulazwa. Ile inayotolewa mashuleni ni ya bure. Kampuni ya Merck ya Ujerumani huitoa kupitia Shirika la Afya Duniani, na imeahidi hadi vidonge milioni 250 kwa mwaka. Mtoto anasimamishwa kwenye ufito wenye alama, urefu wake unaonyesha idadi ya vidonge, anameza. Dawa hii inaua minyoo waliokomaa. Mtu akiipata mapema, kabla ini halijaharibika sana, mwili huweza kujirekebisha kwa kiasi. Ila haiwaui minyoo wachanga, na haizuii kuambukizwa upya. Mtoto aliyemeza Jumatano na kuoga ziwani Alhamisi amekwisha kuanza upya. Kwa miaka mingi chama chetu kimeshangilia siku ya dawa shuleni, kikapiga picha na kurudi mjini. Sisi wenyewe tulidhani kazi imekwisha.

Kuna mambo mawili kuhusu dawa hiyo ambayo yanatuhusu kifedha.

La kwanza ni uji. Msicheke. Vidonge vya prazikwanteli ni vikubwa na vichungu, na ukivimeza tumbo likiwa tupu unapata kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo. Mwaka 2008 kule Morogoro uvumi kwamba dawa za kichocho zinaua watoto ulizua fujo mashuleni, wazazi wakavamia kwenda kuwachukua watoto wao. Kwetu hapajatokea fujo, lakini mwalimu mkuu alituambia kwamba mwaka jana wapo wazazi waliowaficha watoto nyumbani siku ya dawa. Tulipouliza, jibu lilikuwa jepesi: mwaka uliotangulia watoto walikuja bila kula, wakatapika, wakarudi nyumbani wanayumba. Sufuria mbili kubwa za uji wa mahindi wenye sukari, asubuhi moja kwa mwaka, shule zote mbili. Hicho ndicho kipengele kidogo kuliko vyote kwenye bajeti yetu, na tunaamini hakuna kingine chenye faida kama hiyo kwa bei yake.

La pili ni watu wazima. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: pale ambapo ugonjwa umefikia asilimia 10 ya watu au zaidi, dawa itolewe kila mwaka kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka miwili, watu wazima wakiwemo. Kijijini kwetu dawa bado inaishia kwenye lango la shule. Mvuvi hayumo. Mama anayeanika dagaa hayumo. Kijana aliyeacha shule darasa la nne ili ajaze mafuta kwenye taa za kuvulia hayumo, na huyo ndiye anayeingia majini kuliko wote. Katika muongo wa 2010 watafiti walifuatilia vijiji vingi vya mkoa wa Mwanza na vya magharibi ya Kenya vilivyokuwa vikipewa dawa, na wakakuta kwamba viko vijiji ambavyo ugonjwa haukushuka kama ilivyotarajiwa hata baada ya miaka kadhaa ya vidonge. Tukiwa wakweli, mtu akituuliza kama kijiji chetu kingekuwa miongoni mwa hivyo, tutasema tunaogopa jibu.

Kugawa dawa si kazi ya chama, na hatutajifanya waganga. Tulichofanya ni kukaa na zahanati na kuandika barua wilayani. Tumekubaliwa kwamba wahudumu watakuja mwaloni siku tatu kupima watu wazima. Kichocho cha tumbo sasa kinaweza kupimwa hata kwa tone la mkojo kwenye kifaa kidogo, jambo ambalo limewafurahisha wavuvi, maana kumwambia mtu mzima mbele ya wenzake alete kinyesi kwenye kopo ni kumfukuza. Sisi tutalipia usafiri wa wahudumu na vifaa vya kupimia. Atakayekutwa na ugonjwa atapewa dawa papo hapo, na mwenye tumbo lililovimba ataandikiwa kwenda kupigwa utrasaundi. Mfuko wa nauli ya kivuko kwa hao wa mwisho uko kwenye bajeti. Tumeuweka kwa sababu ya ndugu yetu.

Sasa tuwageukie ninyi mlioko hapa ukumbini. Desemba inakuja. Mtapanda mabasi, mtavuka, watoto wenu waliozaliwa Mbagala na Tegeta wataliona ziwa na kulirukia kama walivyorukia mwaka jana. Mtoto wa kijijini ameanza kuambukizwa kabla hajajua kutembea, mwili wake umezoea kwa namna fulani. Mtoto wa mjini ni mgeni. Baada ya wiki chache, mkiwa mmekwisha kurudi, anaweza kupata homa kali, kikohozi, vipele vinavyowasha, tumbo. Hapo ni Januari au Februari, na kila mtu anatibu malaria na taifodi. Tunawaomba mseme neno moja kwa daktari: aliogelea Ziwa Victoria, tarehe fulani. Hata kama hana homa, mpelekeni kupimwa. Mkienda wiki ya kwanza hakitaonekana kitu, kwa sababu minyoo huchukua zaidi ya mwezi kukomaa na kuanza kutaga. Nendeni baada ya wiki kama nane. Na mkiwa kule, watoto waoge kwa maji yaliyochotwa na kulazwa kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili, au yaliyochemshwa. Wale wadudu wa kupenya ngozi wasipompata mtu hufa ndani ya siku moja au mbili.

Jambo hilo la maji kulala ndilo limetupa mradi wa mwaka huu, kwa hiyo tulieleze.

Kule Unguja, wakati wa mpango wa kutokomeza kichocho ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2010, pamoja na dawa walijenga majukwaa ya kufulia ili akina mama wasisimame tena kwenye vijito, wakajenga na mahali pa haja ndogo kwa wavulana. Wazo tumeliazima, ila chetu ni kichocho cha tumbo na maji yetu ni ziwa, kwa hiyo tumelibadilisha. Tutajenga jukwaa la saruji lenye mabeseni manane juu ya mwalo, na matangi mawili. Pampu ya sola itajaza tangi la kwanza, kisha tangi hilo litafungwa siku mbili huku maji ya tangi la pili yakitumika, halafu zinabadilishana. Si maji ya kunywa. Ya kunywa yachemshwe kama kawaida. Ni maji ya kufulia, kuoshea vyombo na kuogesha watoto. Mama hataingia ziwani kwa ajili ya hayo. Wanawake wenyewe ndio waliosema jukwaa liwe na kivuli na liwe upande ambao mwalo unaonekana, kwa sababu pale ufukweni hawafui tu, wanazungumza, na hawako tayari kuzungumzia porini. Mchoro wa kwanza ulikuwa umelificha nyuma ya stoo ya dagaa. Umebadilishwa.

Kisha choo. Safari hii matundu sita, mawili yakiwa ya wanawake na mlango wao upande wa pili. Hatuchimbi chini kwenye mchanga. Vyumba vya kinyesi vitajengwa juu ya ardhi kwa tofali na saruji, sakafu yake imeziba, na vitafunguliwa kwa nyuma ili kupakuliwa vikijaa. Utapanda ngazi nne kuingia. Gharama yake ni kubwa kuliko choo cha shimo, tumeiona na sisi ikatushtua. Wenye mitumbwi wamekubali kulipa mchango wa kila wiki kwa kila mtumbwi, wa kumlipa mtunza choo na kununua sabuni. Makubaliano yameandikwa na kusainiwa mbele ya mtendaji wa kijiji. Mwaka 2017 hatukuwa na makubaliano yoyote. Hata kabla ya mafuriko, tundu moja kati ya manne lilikuwa limegeuzwa stoo ya nyavu.

Tunajua manung'uniko yaliyopo, bora tuyaseme sisi. Yapo maneno kwamba wavuvi wa kambini si watu wetu: wengi wanatoka Mara, Kagera, wengine mbali zaidi, wanakaa mwezi wakifuata dagaa kisha wanahama, na hawachangii hata harusi. Kwa nini tuwajengee choo kwa fedha ya wana wa nyumbani? Ndugu zetu, tumebishana jambo hili ndani ya kamati mpaka usiku. Anayejisaidia nyuma ya mtumbwi wake usiku wa leo, mayai yake yatakuwa majini mvua ikinyesha, na mtoto atakayesimama kwenye maji hayo mwezi ujao ni wa kwetu. Mvuvi atakuwa amekwisha hama. Kati ya fedha zote tunazotumia kwa watoto wetu, hii ya choo cha mgeni ndiyo inayowagusa moja kwa moja. Mmoja wetu hakukubaliana nasi hadi mwisho, na ametuomba tuseme hivyo, kwa hiyo tumesema.

Yapo pia maneno ya lango. Wengine wangependa mwaka huu tujenge lango la kijiji lenye jina, lionekane barabarani. Ni jambo zuri. Lisubiri.

Bajeti yote iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, kila kitu na bei yake, na bei za saruji ni za Nansio, si za Mwanza, maana nauli ya kuvusha mifuko tuliisahau mwaka 2017. Fomu za ahadi ziko meza ya mweka hazina karibu na mlango. Anayetaka kulipia beseni moja la jukwaa, au tundu moja la choo, aandike hivyo kwenye fomu. Risiti itatolewa kwa jina lake. Hesabu zitasomwa kwenye mkutano wa Machi, na safari hii zitabandikwa na mwaloni pia, kwenye ubao wa ofisi ya wavuvi.

Mtaona jalada la mwaka huu halina picha yetu. Lina picha ya mkuyu. Fundi amekwisha kupigilia mambo za kwanza, hatua sitini juu ya mti huo, na babu ndiye aliyesimama pale kumwonyesha alama ya maji ya 2024. Kazi ya kubeba mawe itaanza Desemba 27 asubuhi. Mtakaokuwa nyumbani siku hiyo, mwenye koleo aje nalo, maana tuliyonayo ni matatu.